Mwanafunzi Anapobisha Hodi

Mara ya kwanza nilipomkatalia mwalimu jambo lililogusa imani yangu nilikuwa kidato cha pili, mwaka 1999, ndani ya maabara ya kemia, na nilikataa vibaya kiasi kwamba mpaka leo, baada ya miaka mingi ya kushika chaki mimi mwenyewe, nikikumbuka naona haya. Tulikuwa wanafunzi zaidi ya sitini tuliobanana kwenye meza nne za saruji. Kila meza ilikuwa na taa moja ya spiriti, mirija michache ya kioo na chupa ya asidi iliyozimuliwa, na kazi ya siku hiyo ilikuwa kupasha moto mrututu, ile chumvi ya buluu, mpaka ugeuke mweupe. Mwalimu wetu, mwanaume wa makamo aliyezoea kusema jambo mara moja tu, alipita akikagua meza, akasimama nyuma yangu na kusema, "Binti, vua hicho kitambaa kabla hujawasha taa."

Kitambaa chenyewe kilikuwa ushungi wangu wa shule, mweupe, wa kushonwa, uliofunika kichwa na kuteremka mpaka kwenye viwiko, ambao mama aliufua kila jioni na kuuanika uani ili asubuhi uwe mkavu. Shule ilikuwa ya serikali na ushungi uliruhusiwa. Karibu nusu ya wasichana wa darasa letu waliuvaa. Nilihisi damu ikinipanda masikioni. Nikageuka, nikasema kwa sauti ambayo meza zote nne ziliisikia, "Dini yangu hairuhusu. Na wewe huna haki ya kunivua."

Sentensi ya kwanza ingeweza kujadiliwa. Ya pili ilikuwa kofi. Mgeni wa lugha yetu angedhani kwamba neno lililouma ni "haki", lakini msomaji wangu anajua kwamba lililouma ni "wewe": mtoto wa miaka kumi na mitano hamwambii mtu mzima "wewe", tena mwalimu wake, tena mbele za watu. Darasa likaguna. Mwalimu hakunipiga wala hakunitukana; alinyoosha kidole kuelekea mlangoni. Nikatoka nikaketi barazani mpaka kengele ilipogongwa, nikijiona shujaa wa dini, na mrututu wa meza yetu ukageuka mweupe bila mimi kuuona.

Baba alikuwa fundi seremala pale Keko, na jioni alirudi nyumbani Magomeni na vumbi la mninga kwenye nyusi. Nilimsimulia yote nikitarajia kwamba atavaa kanzu na kusema kesho tunaongozana. Alisikiliza mpaka mwisho huku akivua viatu, kisha akauliza, "Alikwambia kwa nini uvue?"

Nikasema hakuniambia.

"Ulimuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza.

"Basi, mama, umegombana na mtu ambaye bado hujajua amesema nini."

Akanipa maagizo mafupi. Kesho yake wakati wa mapumziko niende ofisini kwa mwalimu, nipige hodi, nikikaribishwa niamkie, niombe radhi kwa lile neno, na baada ya hapo ndipo niulize. Nisianze na swali. Mama, aliyekuwa akichambua mchele, akaongeza kwamba nisiende na kundi la marafiki nyuma yangu, kwa sababu mwalimu akiona kundi atajibu kundi.

Ninafundisha Kiswahili, kwa hiyo nitasamehewa nikisimama kidogo kwenye neno. Lugha yetu ina kitenzi kimoja, kubisha, chenye kazi mbili. Kubisha ni kuikataa kauli ya mwenzako. Kubisha hodi ni kugonga mlango na kungoja uitikiwe. Wanaisimu wataniambia yao kuhusu asili ya maneno hayo, na nitawasikiliza, lakini katika maisha ya shule nimeona kwamba kazi hizo mbili zinakwenda pamoja. Anayebisha hodi anakiri kwamba nyumba ina mwenyewe, na papo hapo anatangaza kwamba ana jambo lililomleta. Anayeingia kwa teke amelisahau la kwanza. Anayesimama nje mpaka jua linatua bila kugonga amelisahau la pili, na shule zetu za Dar es Salaam zimejaa watoto wa aina hiyo, ambao husifiwa kwa adabu wakati ukweli ni kwamba wamekata tamaa.

Ofisi ya walimu wa sayansi ilikuwa chumba chenye meza tatu na makabati yaliyofura kwa madaftari. Mwalimu alikuwa peke yake, anakunywa chai ya rangi na andazi. Nilipiga hodi, akanikaribisha bila kuinua macho, nikaamkia, akaitikia. Nikasema, "Mwalimu, nimekuja kuomba radhi kwa nilivyokujibu jana. Nilikosa adabu." Akasukuma kikombe pembeni. Nikaendelea, kwa sauti ambayo nilijua inatetemeka, "Na nilikuwa naomba kuuliza, mwalimu, kwa nini ushungi uvuliwe."

Hakujibu kwa maneno. Alifungua kifungo cha mkono wa shati na kuukunja mpaka juu ya kiwiko. Ngozi ya mkono wake wa kushoto ilikuwa imejikunja kama karatasi iliyolowa ikakauka juani. Akanieleza kwamba alipokuwa chuo cha ualimu, mwenzake alishika moto mkono wa koti mezani, naye akaudaka kwa mikono mitupu kuuzima. Moto wa spiriti, alisema, mchana hauonekani vizuri. Unaweza kudhani umezima kumbe unawaka. "Kitambaa kinachoning'inia na moto wa namna hiyo sivitaki kwenye meza moja. Dini yako sikuitaja. Uliileta mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Lakini ushungi wangu nao ulikuwa kweli, na sikuwa nimekuja kuuacha mezani kwake. Nikamwomba ruhusa nimwonyeshe kitu. Niliushika ushungi kwa mbele, nikaukusanya, nikauchomeka ndani ya kola ya blauzi, upande wa kulia nikaubana kwa pini, upande wa kushoto nikaubana kwa pini, na ya tatu nikaiweka kisogoni. Sweta la shule likafunika kifua. Mwalimu alinitazama kama mtu anayekagua chombo cha maabara. "Inama," akasema. Nikainama kana kwamba natazama taa. Hakuna kilichoning'inia.

"Haya," akasema, na kuvuta kikombe chake.

Hakusema ndiyo, wala hakusema kwamba nimemshinda, na sasa nafahamu kwamba lile "haya" lilikuwa zawadi kubwa kuliko ndiyo, kwa sababu liliacha heshima yake mezani na kichwa changu kikiwa kimefunikwa. Kipindi kilichofuata alipita nyuma yangu kimya. Wiki iliyofuata wasichana wote wenye ushungi walikuwa wameuchomeka, na mvulana mmoja aliyependa kulegeza tai mpaka tumboni akaambiwa aiingize ndani ya shati.

Katika amri moja kulikuwa na mambo mawili yaliyofungwa kamba moja: moto na kichwa. Mwalimu alikuwa sahihi kabisa kuhusu moto, nami nilikuwa sahihi kuhusu kichwa, na ugomvi wetu wote ulikuwa wa kamba. Nimeona jambo hilo likijirudia. Siku ya mtihani, msimamizi anaogopa vikaratasi vilivyofichwa chini ya ushungi. Hofu hiyo ni halali, na dawa yake ni mwalimu wa kike na chumba cha pembeni chenye pazia. Rafiki yangu wa dawati, Mlokole wa watu, hakuwa tayari kuvaa bukta wala suruali kwenye michezo. Mwalimu wa michezo alitaka wachezaji waweze kukimbia, akamruhusu acheze pete na sketi ndefu baada ya kumwona akikimbia nayo, na kwa taarifa yenu hakuna aliyemfikia kwa kufunga magoli. Si kila amri inafunguka hivyo. Zipo ambazo ukizifungua hukuti moto wala vikaratasi, unakuta tu mtu mzima aliyekerwa na tofauti. Hapo mwanafunzi hana budi kupanda ngazi: mwalimu wa malezi, mkuu wa shule, mzazi mwenye barua iliyoandikwa vizuri, bodi ya shule. Lakini huwezi kujua umekutana na amri ya aina gani kabla hujauliza sababu, na kuuliza sababu kwa sauti ya chini ndiyo kazi ambayo hatuwafundishi watoto wetu.

Ugumu wenyewe nilikutana nao chuoni. Magomeni tulisoma dini baada ya shule, juu ya mikeka, ubao umeegemezwa ukutani, na ustadhi wetu alikuwa kijana mwenye sauti nzuri na hasira ya haraka. Habari za ushungi wangu wa kuchomeka zikamfikia, nadhani kupitia kwa binti mmoja aliyekuwa akinionea kijicho. Jioni moja akasimama mbele ya mikeka yote na kusema kwamba ushungi uliosokomezwa kwenye kola si hijabu, akasoma aya ya 31 ya Surat An-Nur, ile inayowaamrisha wanawake waumini kuteremsha shungi zao juu ya vifua vyao. Kisha, kwa kuwa Desemba ilikuwa imefika, akaongeza kwamba tusiende kula Krismasi kwa majirani.

Mwalimu wa kemia alikuwa na taa ya spiriti tu. Ustadhi alikuwa na moto mkubwa zaidi wa kunitishia, na nilitishika. Mwalimu wa shule akikosea, unaweza kujiambia kwamba ni binadamu kama wengine. Anayezungumza kwa aya ni vigumu kumwambia kwamba huafiki ufafanuzi wake bila yeye, na wasikilizaji wote, na wewe mwenyewe usiku kitandani, kusikia kwamba umeikataa aya. Kutenganisha aya na mfafanuzi wake ni kazi ngumu kuliko kutenganisha moto na kichwa, na watu wazima wengi wa mji huu hawajaifanya hata mara moja.

Safari hii nilikuwa nimejifunza hodi. Nilisubiri wenzangu waondoke, nikaketi mbali kidogo, nikasema, "Ustadhi, nisamehe, kuna jambo halijaniingia." Akasema niseme. Nikasema kwamba aya inataja kufunika kifua, na maabara kifua changu kimefunikwa na blauzi na sweta. Je, kinachotakiwa ni kufunikwa, au ni kitambaa kile mahususi? Alikaa kimya muda mrefu. Muadhini wa msikiti wa jirani alikuwa akijaribu kipaza sauti, akipuliza na kuhesabu. Mwishowe ustadhi akasema kwamba swali langu limeutangulia umri wangu, lakini si swali baya.

Ndipo akanieleza jambo ambalo sikutarajia kulisikia kutoka kwake. Sisi watu wa pwani, alisema, wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafii, na Imamu Shafii mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa Imamu Malik mjini Madina. Alimpenda, akamsoma, akahifadhi maneno yake, kisha baadaye akatofautiana naye katika mambo mengi, na hakuacha kumwita mwalimu wake. Akanisimulia pia habari inayosimuliwa sana na masheikh, kwamba Imamu Shafii aliposwali alfajiri karibu na kaburi la Imamu Abu Hanifa kule Baghdad aliacha kusoma kunuti, ile dua ya ndani ya swala, ingawa kwa madhehebu yake husomwa, kwa kumstahi mwenye kaburi ambaye hakuwa na rai hiyo. Nilitoka pale nikiwa nimepewa ruhusa ya kutofautiana na yule yule niliyekuwa ninatofautiana naye. Hakubadilisha msimamo wake kuhusu kola, nami sikubadilisha wangu. Chuoni niliuacha ushungi uteremke, kwa sababu pale ni kwake, maabara niliuchomeka. Kuhusu Krismasi sikumuuliza lolote, nikaenda kula kwa mama jirani kama ambavyo watoto wake walikula kwetu kila Idi. Nina hakika alijua, maana Magomeni pilau halina siri, lakini hakuniuliza tena.

Sasa nije kwenye swali ambalo walimu wenzangu hulipenda, na ambalo mimi nimeacha kuliuliza: "Dini yako inalazimisha?" Linaonekana swali la haki. Mwanafunzi akisema ndiyo, anaambiwa alete ushahidi kutoka kwa shehe au mchungaji. Akisema hapana, anaambiwa basi vua. Katika hali zote mbili mwalimu amejifanya kadhi wa dini ambayo huenda si yake.

Bibi yangu mzaa mama, mzaliwa wa Mafia, alivaa kipini puani mpaka anaingia kaburini, yaani mpaka jioni ile walipokivua wakati wa kumwosha. Kilikuwa cha dhahabu, kidogo kama punje ya mtama. Hakuna aya iliyomwamrisha. Lakini ungemwambia akivue ili aingie mahali, asingeingia. Nilimkumbuka niliposoma kesi ya Afrika Kusini iliyoamuliwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2007, ya msichana wa shule ya sekondari ya wasichana mjini Durban, Mhindu mwenye asili ya kusini mwa India, aliyekatazwa kuvaa kipini shuleni. Ilidhihirika mahakamani kwamba kipini si sharti la dini yake; ni desturi ya familia iliyochanganyika na imani kiasi cha kutotenganishwa. Hukumu ya wengi, iliyoandikwa na Jaji Mkuu Pius Langa, ilisema kwamba jambo la hiari nalo linaweza kuwa kiini cha utu wa mtu, na kwamba shule ilipaswa kumpa nafasi. Nadhani majaji wale waliona kitu ambacho bibi yangu angekieleza kwa kugusa pua tu.

Najua pingamizi linalofuata, kwa sababu nimelitoa mwenyewe kwenye kikao cha walimu: tukikubali hivyo, kila bishoo atasema mkufu wake ni imani. Na kweli yupo aliyeniambia hivyo, akiwa na mkufu wa chuma wenye fuvu. Nilimwomba anieleze una maana gani kwake. Alianza sentensi tatu, akacheka, akauvua. Anayebeba jambo moyoni hueleza kwa shida, lakini hachoki kueleza.

Sheria za nchi yetu haziko mbali na hayo. Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini; ibara ya 30 inakumbusha kwamba uhuru huo una mipaka, usije ukavunja haki za wengine na maslahi ya umma. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni haki ya kuyatoa na kusikilizwa. Na iko hukumu moja ambayo ningependa kila mwalimu wa zamu aijue. Wanafunzi wa sekondari moja wilayani Mbozi, waumini wa Mashahidi wa Yehova, walikataa kuimba wimbo wa taifa kwa sababu ya imani yao, wakafukuzwa wengine na kusimamishwa wengine. Waliokata rufaa walikuwa 127, na mwezi Julai mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikawapa haki. Kabla ya hapo, mwaka 1986, Mahakama ya Juu ya India ilikuwa imeamua kesi ya watoto watatu wa jimbo la Kerala, wa imani hiyo hiyo, waliokuwa wakisimama wima mstarini wimbo ulipoimbwa lakini hawafungui midomo. Kusimama kwao, mahakama ilisema, kulikuwa heshima ya kutosha.

Huwa nakaa sana kwenye picha ya watoto wale waliosimama. Wangeweza kuketi, wangeweza kugeuza mgongo, wangeweza kuzomea. Walinyooka wakanyamaza. Mwili uliwapa wenzao kila walichostahili, na mdomo ukabaki na mwenyewe. Hii ndiyo hodi iliyokamilika, na si ajabu kwamba iliwachanganya walimu, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba heshima na makubaliano ni kitu kimoja, na kwamba anayetupa heshima bila makubaliano ametudanganya.

Kenya nako yalitokea ya aina yake. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliruhusu wasichana wa shule moja ya Isiolo kuvaa hijabu pamoja na sare. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo kwa sababu dai la hijabu lilikuwa limeingizwa kesini pasipo kufuata utaratibu, na ikamwachia mwenye dai nafasi ya kulifungua upya. Wengi walilaumu. Mimi nilimkumbuka baba akiniambia nisianze na swali.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, mimi nikiwa upande wa wenye haki. Lakini sasa nimekaa upande wa pili wa meza, katika sekondari mojawapo ya jiji hili, na mwaka juzi nilibishiwa.

Kwetu kipindi cha dini ni Ijumaa. Kengele ikigongwa wanafunzi hugawanyika: Waislamu madarasa ya mashariki, Wakatoliki darasa kubwa, vijana wa UKWATA, umoja wa wanafunzi wa Kiprotestanti, karibu na jiko, wa CASFETA, yaani Wapentekoste, chini ya mkungu, ambako huimba mpaka majani yanatikisika. Nilikuwa mwalimu wa zamu. Nilipita kwenye korido nikamkuta mvulana wa kidato cha tatu ameegemea nguzo na daftari mkononi.

"Mbona hujaenda? Wewe ni wa wapi?"

"Mwalimu, mimi sina."

"Huna nini?"

"Sina dini, mwalimu. Kwetu ni Wakristo, lakini mimi bado sijaamini."

Alisema kwa upole kabisa, mikono nyuma. Na mimi, mwenye ushungi uliobanwa kwa pini tatu, mwenye kumbukumbu zote nilizowasimulia hapo juu, nilihisi damu ile ile ikinipanda masikioni. Nikamwambia kwamba hapa shuleni kila mtu ana dini, achague chumba aingie. Akasema, "Sawa, mwalimu," akaenda.

Baada ya wiki tatu mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu akaja kunilalamikia, na katekista naye akaja siku hiyo hiyo. Mvulana yule alikuwa Ijumaa hii huku, Ijumaa ijayo kule, ameketi mbele, anaandika, anauliza. Wote wawili waliona kwamba anawadhihaki. Nilikuwa nimekwisha kunoa maneno ya kumwambia nikasikia mtu mlangoni.

"Hodi."

Nikamkaribisha. Akaamkia, nikaitikia. Akasema amesikia kwamba amewakera walimu na anaomba radhi, haikuwa nia yake. Aliambiwa achague chumba na hakujua kwamba ni kimoja tu. Sikujua kama nicheke au nimkemee, na uso wake haukunisaidia. Kisha akasema, "Na nilikuwa naomba kuuliza, mwalimu, kwa nini ni lazima niwe na chumba."

Nikatafuta sababu. Nilitamani kuwa na mkono wa kukunja shati nimwonyeshe kovu. Sababu za kwanza zilizonijia zote zilikuwa za kuona haya: kwamba wenzake watasema nini, kwamba mkuu wa shule ataniuliza, kwamba jambo lenyewe lilinitia huzuni. Niliyoipata ya kweli ilikuwa moja. Katika kipindi kile wapo wanaoruka ukuta kwenda mtaani, na mwaka mmoja kabla ya hapo mtoto wetu alikuwa amegongwa na bodaboda wakati ambapo daftari la zamu lilionyesha kwamba yumo darasani anasoma dini. Ninapaswa kujua kila mtoto yuko wapi. Nikamweleza hivyo.

Akafikiri. "Kwa hiyo, mwalimu, nikiwa mahali ambapo unajua nipo?"

Maktaba yetu ni chumba chenye rafu saba na kufuli linalosumbua. Nilimuuliza kama wazazi wake wanajua anachofikiri. Akasema baba anajua, mama bado. Nikamwambia kwamba mimi sitampelekea mama yake habari hiyo, lakini asimwache akaisikie kwa watu. Nikamwambia pia, kwa kuwa uongo ungekuwa dharau, kwamba natamani siku moja aamini, na kwamba nitamwombea. Akasema, "Ahsante, mwalimu," kwa namna ile ile aliyosema "sawa", na mpaka leo sijajua kama ninapaswa kufurahi. Ijumaa hiyo niliswali nikamtaja.

Daftari la zamu lina safu ya jina, safu ya darasa, na safu ya dini kwa ajili ya kuhesabu nani yuko chumba gani. Mwalimu mwenzangu aliyekagua mwishoni mwa mwezi alinirudishia akiwa amezungushia alama ya kuuliza kwenye mstari mmoja. Nilimweleza, akatikisa kichwa, akaenda zake. Sikufuta. Mbele ya jina la yule mvulana, kwenye safu ya dini, kuna neno "maktaba" kwa mwandiko wangu, Ijumaa baada ya Ijumaa, mpaka alipomaliza kidato cha nne.